Namba 5,040: Namba Inayokubali Kugawanywa

Umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kufanya hesabu. Unaweza kusoma risiti. Unaweza kusoma mizani. Leo tutasoma namba moja tu. Namba hiyo ni 5,040. Isome kwa sauti: elfu tano na arobaini.

Huenda utauliza, "Namba moja ina mambo gani ya kujaza kurasa zote hizi?" Ina mengi. Namba nazo zina tabia zake. Ziko namba zinazokubali kugawanywa kwa watu wengi bila ugomvi. Ziko nyingine zinazokataa kabisa. Mtu anayejua tabia ya namba si rahisi kudanganywa katika mgao, wala sokoni.

Chukua daftari na kalamu. Kila hesabu utakayoiona hapa, ifanye wewe mwenyewe. Usiamini kwa sababu imeandikwa. Amini kwa sababu umeihakikisha.

MAHINDI YA KIKUNDI

Tuanze na mfano. Tuseme wewe ni mmoja wa kikundi cha wakulima 14. Mmelima shamba la pamoja. Mmepalilia, mmevuna, mmepukuchua na mmeanika. Mahindi yote mmeyapima kwenye mizani. Mmepata kilo 5,040.

Anakuja mnunuzi na magunia yake. Mnapatana bei ya gunia moja: shilingi 50,000. Ninyi mnajua kwamba bei hiyo ni ya gunia la kilo 90. Lakini mnunuzi anasema, "Mimi hununua kwa gunia. Sina haja ya mizani." Vijana wake wanajaza magunia. Wanashindilia mpaka mahindi yanafika mdomoni. Kisha wanaongeza kilemba juu na kushona kwa kamba.

Jioni magunia yanahesabiwa. Ni 42. Mnunuzi analipa shilingi 2,100,000. Mweka hazina anagawa fedha hizo kwa watu 14. Kila mmoja anapata shilingi 150,000. Hakuna hata senti moja iliyobaki. Hakuna aliyepata zaidi, wala aliyepunjwa na mwenzake. Mnapeana mikono na kwenda nyumbani.

Je, mgao huo ni wa haki?

Usijibu sasa. Kwanza tuijue namba yetu. Mwishoni tutarudi kwenye mahindi haya.

NAMBA INAYOGAWANYIKA

Chukua kilo 5,040 za mahindi. Zigawe kwa watu, tangu mmoja mpaka kumi. Tazama kila mtu anapata ngapi:

Mtu 1 anapata kilo 5,040.
Watu 2, kila mmoja kilo 2,520.
Watu 3, kila mmoja kilo 1,680.
Watu 4, kila mmoja kilo 1,260.
Watu 5, kila mmoja kilo 1,008.
Watu 6, kila mmoja kilo 840.
Watu 7, kila mmoja kilo 720.
Watu 8, kila mmoja kilo 630.
Watu 9, kila mmoja kilo 560.
Watu 10, kila mmoja kilo 504.

Umeona? Hakuna kilo iliyobaki hata mara moja. Namba inayoigawa namba nyingine bila kubakiza kitu huitwa kigawo. Zikiwa nyingi huitwa vigawo. Basi 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10 zote ni vigawo vya 5,040.

Sasa jaribu watu 11. Kila mmoja atapata kilo 458, na kilo 2 zitabaki. Kwa hiyo 11 si kigawo cha 5,040. Lakini watu 12 wakija, mambo yanakuwa mazuri tena. Kila mmoja atapata kilo 420.

MAJIRANI WAWILI

Huenda unafikiri, "Namba kubwa yo yote hugawanyika hivyo, kwa sababu ni kubwa." La, sivyo. Tazama majirani wa 5,040.

Ondoa kilo moja tu. Zinabaki 5,039. Igawe namba hiyo kwa 2. Kilo 1 inabaki. Igawe kwa 3. Zinabaki 2. Igawe kwa 4, kwa 5, kwa 6, kwa 7. Kila mara kuna masalio. Endelea mpaka uchoke. Namba 5,039 haina kigawo cho chote isipokuwa 1 na 5,039 yenyewe.

Sasa ongeza kilo moja juu ya 5,040. Unapata 5,041. Hii nayo ni ngumu. Vigawo vyake ni vitatu tu: 1, 71 na 5,041. Ukitaka kuigawa sawasawa, lazima wawepo watu 71, na kila mmoja achukue kilo 71. Wakiwa watu 70 au 72, haigawanyiki.

Namba hizi tatu zimekaa mlango kwa mlango: 5,039, kisha 5,040, kisha 5,041. Ukubwa wao ni karibu sawa. Lakini tabia zao ni mbalimbali. Basi kugawanyika kwa namba hakutokani na ukubwa. Kunatokana na vitu vilivyomo ndani yake.

MBEGU ZA NAMBA

Ndani ya namba kuna nini? Tuifungue tuone. Tutaigawa kwa namba ndogo, hatua kwa hatua, mpaka ifike 1:

5,040 gawanya kwa 2 ni 2,520.
2,520 gawanya kwa 2 ni 1,260.
1,260 gawanya kwa 2 ni 630.
630 gawanya kwa 2 ni 315.
315 gawanya kwa 3 ni 105.
105 gawanya kwa 3 ni 35.
35 gawanya kwa 5 ni 7.
7 gawanya kwa 7 ni 1.

Tumemaliza. Tazama namba tulizogawia: 2 mara nne, 3 mara mbili, 5 mara moja, na 7 mara moja. Ukizizidisha zote unarudi mwanzo:

2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 = 5,040.

Namba 2, 3, 5 na 7 huitwa namba tasa. Namba tasa ni ile ambayo vigawo vyake ni viwili tu: 1 na yenyewe. Namba 11 ni tasa. Namba 13 ni tasa. Hata yule jirani yetu 5,039, pamoja na ukubwa wake wote, ni namba tasa.

Namba tasa ndizo mbegu. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa kwa kuzidisha namba tasa.

Ukizijua mbegu za namba, unaweza kujua vigawo vyake bila kuhangaika. Fikiri kwamba 5,040 ni ghala. Ndani yake kuna mbegu hizo nane. Mtu akikuuliza, "Je, 5,040 hugawanyika kwa 14?" wewe tazama mbegu za 14. Ni 2 na 7. Je, ghalani zimo? Zimo. Basi inagawanyika.

Je, kwa 36? Mbegu za 36 ni 2, 2, 3 na 3. Zote zimo ghalani. Inagawanyika.

Je, kwa 22? Mbegu za 22 ni 2 na 11. Namba 11 haimo ghalani. Haigawanyiki.

Je, kwa 25? Mbegu za 25 ni 5 na 5. Ghalani kuna 5 moja tu. Haitoshi. Haigawanyiki.

VIGAWO HUTEMBEA WAWILI WAWILI

Sasa tuhesabu vigawo vyote vya 5,040. Kazi hii ina njia nyepesi. Kila kigawo kina mwenzake. Ukigawa 5,040 kwa 7 unapata 720. Kwa hiyo 7 ni kigawo, na 720 pia ni kigawo. Tuziandike mbili mbili:

1 × 5,040
2 × 2,520
3 × 1,680
4 × 1,260
5 × 1,008
6 × 840
7 × 720
8 × 630
9 × 560
10 × 504
12 × 420
14 × 360
15 × 336
16 × 315
18 × 280
20 × 252
21 × 240
24 × 210
28 × 180
30 × 168
35 × 144
36 × 140
40 × 126
42 × 120
45 × 112
48 × 105
56 × 90
60 × 84
63 × 80
70 × 72

Hesabu mistari. Ni 30. Kila mstari una vigawo viwili. Basi vigawo vyote vya 5,040 ni 60.

Mbona tumesimama kwenye 70 na 72? Kwa sababu 71 mara 71 ni 5,041, nayo imekwisha kuzidi. Tukiendelea tutakutana na vigawo vile vile, ila vimegeuzwa: 72 × 70, 80 × 63, na kadhalika.

Tazama tena orodha hiyo kwa makini. Upande wa kushoto namba zinapanda. Upande wa kulia namba zinashuka. Mmoja akikua, mwenzake hupungua. Likumbuke sana jambo hili. Tutalihitaji.

KARANI ALIYEPENDA NAMBA

Vigawo 60 ni vingi sana. Hakuna namba iliyo ndogo kuliko 5,040 yenye vigawo vingi hivyo. Ukianza na 1 ukahesabu mpaka 5,039, hutaipata hata moja.

Namba za namna hii, zinazozishinda ndogo zake zote kwa wingi wa vigawo, zilichunguzwa na mtu mmoja wa Bara Hindi. Jina lake Srinivasa Ramanujan. Alizaliwa mwaka 1887 huko India ya kusini, katika nyumba isiyo na mali. Alipenda hesabu mno, hata akaacha kuyashughulikia masomo mengine. Kwa hiyo alishindwa mitihani ya chuo. Mwaka 1912 alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya bandari ya Madras. Mchana aliandika hesabu za ofisi. Wakati wake mwenyewe aliandika hesabu zake katika madaftari.

Mwaka 1913 alimwandikia barua mwalimu mmoja wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aitwaye G. H. Hardy. Hardy aliisoma na kustaajabu. Mwaka 1914 Ramanujan alifika Uingereza. Mwaka 1915 alichapisha maandishi marefu juu ya namba hizi zenye vigawo vingi. Mwaka 1916 Cambridge ikampa shahada, yeye aliyeshindwa mitihani kwao. Afya yake haikuwa nzuri. Alifariki mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Hata leo wataalamu wa hesabu wanasoma kazi zake.

NJIA ZA KUPIMA UPESI

Si lazima kila mara ugawanye namba yote. Ziko njia fupi za kujua kama namba inagawanyika. Njia hizi zinafaa kwa namba nzima yo yote, si 5,040 peke yake.

Kwa 2: Tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, namba inagawanyika.

Kwa 5: Tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5.

Kwa 10: Tarakimu ya mwisho iwe 0.

Kwa 4: Tazama tarakimu mbili za mwisho. Katika 5,040 ni 40. Namba 40 inagawanyika kwa 4. Basi na 5,040 inagawanyika.

Kwa 3 na kwa 9: Jumlisha tarakimu zote. Katika 5,040 ni 5 + 0 + 4 + 0 = 9. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba yote inagawanyika kwa 3. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba yote inagawanyika kwa 9.

Njia hii ya mwisho huwashangaza watu wengi. Lakini si uganga. Sababu yake ni hii. Katika kila kumi, ukitoa tisa, inabaki moja. Katika kila elfu, ukitoa 999, inabaki moja pia, na 999 hugawanyika kwa 9. Namba 5,040 ina elfu tano na makumi manne. Kila elfu ikibakiza moja, unapata masalio 5. Kila kumi ikibakiza moja, unapata masalio 4. Jumla ya masalio ni 9, nayo inagawanyika kwa 9. Kwa hiyo hakuna kinachobaki.

BENCHI LA WATU SABA

Namba 5,040 ina ajabu nyingine. Zidisha namba saba za kwanza:

1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6 × 7 = 5,040.

Hii ina maana gani? Fikiri juu ya benchi la darasani. Mtu mmoja peke yake anaweza kukaa kwa namna moja tu. Watu wawili wanaweza kukaa kwa namna mbili: Asha kushoto na Juma kulia, au Juma kushoto na Asha kulia. Akija wa tatu, anaweza kukaa mwanzo, katikati au mwisho. Basi namna zinakuwa 2 × 3, yaani 6. Wa nne ana nafasi nne za kuingia. Namna zinakuwa 6 × 4, yaani 24. Watano ni 120. Sita ni 720. Watu saba wanaweza kukaa kwa namna 5,040.

Kama wanafunzi saba wangebadili mpango wa kukaa mara moja kila siku, bila kurudia, wangemaliza baada ya siku 5,040. Hiyo ni karibu miaka 14.

Huko Uingereza uko mchezo wa kale wa kupiga kengele za kanisa kwa kubadilisha mpango wake kila mara. Kengele saba zina mipango 5,040. Mwaka 1715, katika mji wa Norwich, wapigaji walipitia mipango yote 5,040. Walitumia muda wa zaidi ya saa tatu.

MJI WA NYUMBA 5,040

Zamani sana, huko Ugiriki, aliishi mwalimu mwenye hekima aliyeitwa Plato. Alifariki mwaka 347 kabla ya Kristo. Katika uzee wake aliandika kitabu kiitwacho Sheria. Ndani yake wazee watatu wanazungumza juu ya kuanzisha mji mpya. Wanajiuliza: mji huo uwe na wenye ardhi wangapi?

Jibu la Plato lilikuwa 5,040. Sababu yake ilikuwa kugawanyika. Alisema mtunga sheria lazima ajue namba ipi inaufaa mji wake, wakati wa vita na wakati wa amani, katika mapatano, kodi na mgao. Alijua kwamba 5,040 ina vigawo vyote tangu 1 mpaka 10. Alipanga mji wake ugawanywe katika makabila 12. Kila kabila lingekuwa na nyumba 420. Alijua pia kwamba 11 haiigawi. Lakini alisema dawa yake ni ndogo: ondoa nyumba mbili tu. Ni kweli. Zinabaki 5,038, na 11 mara 458 ni 5,038.

Lakini Plato hakuishia kwenye namba. Aliona kwamba ekari moja ya ardhi yenye rutuba si sawa na ekari moja ya ardhi mbovu. Kwa hiyo alisema ardhi nzuri ikatwe vipande vidogo, na ardhi mbovu ikatwe vipande vikubwa. Tena kila nyumba ipewe sehemu mbili, moja karibu na mji na nyingine mbali, ili wote washiriki uzuri na ubaya wa mahali.

Mji huo haukujengwa. Ulibaki kitabuni. Na hata kitabuni palikuwa na kasoro kubwa: watumwa wa mji huo hawakuwekewa fungu lo lote la ardhi. Hesabu ilikuwa safi, lakini wako watu walioachwa nje ya hesabu.

Hapa pana fundisho. Namba ikigawanyika vizuri, usiseme mara moja kwamba haki imetendeka. Uliza kwanza: Kinachogawanywa ni nini? Nani amehesabiwa? Je, tulichogawana ndicho chote kilichokuwapo?

TURUDI KWENYE MAHINDI

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo.

Mlikuwa na kilo 5,040. Mlipatana bei ya gunia la kilo 90. Tafuta 90 katika orodha yetu ya vigawo. Mwenzake ni nani? Ni 56. Basi mlikuwa na magunia 56.

Lakini mnunuzi alihesabu magunia 42. Tafuta 42 katika orodha. Mwenzake ni 120. Maana yake ni kwamba kila gunia lilibeba kilo 120. Hiyo ndiyo lumbesa. Kile kilemba na kule kushindilia kulimeza kilo 30 za ziada katika kila gunia.

Mahindi hayakupungua. Ni yale yale 5,040. Lakini upande mmoja ulipopanda kutoka 90 hadi 120, upande wa pili ulishuka kutoka 56 hadi 42. Magunia 14 yalipotea bila mwizi kuvunja ghala.

Tufanye hesabu ya fedha. Magunia 56 kwa shilingi 50,000 ni shilingi 2,800,000. Ninyi mlilipwa 2,100,000. Mmepoteza shilingi 700,000. Katika mgao wa kweli, kila mmoja wenu angepata shilingi 200,000. Amepata 150,000. Kila mmoja amepoteza shilingi 50,000. Yaani kila mkulima amempa mnunuzi gunia moja zima la bure.

Na tazama jinsi hasara hiyo ilivyojificha. Magunia 42 yanagawanyika kwa watu 14 bila masalio. Shilingi 2,100,000 nazo zinagawanyika kwa watu 14 bila masalio. Mweka hazina wenu hakukosea. Daftari lake ni safi. Kila mtu alipata sawa na mwenzake. Kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mliibiwa sawasawa.

Ndugu msomaji, kugawana sawasawa ni jambo jema. Lakini hakutoshi kama fungu lenyewe limeibiwa kabla ya kufika kwenu. Mgao husema kila mmoja wenu amepata nini. Hausemi mlistahili nini. Jambo hilo la pili lajulikana kwa mizani.

Kwa hiyo kumbuka mambo haya manne siku ya kuuza mazao:

Kwanza, pimeni mazao yenu kwa kilo kabla mnunuzi hajaja. Andikeni jumla katika daftari.

Pili, patana bei ya kilo, si ya gunia. Kama gunia la kilo 90 ni shilingi 50,000, basi kilo moja ni karibu shilingi 556.

Tatu, akisisitiza kuhesabu magunia, pimeni kila gunia. Kisha zidisha idadi ya magunia kwa uzito wa gunia moja, kama yote yana uzito mmoja. Jibu lazima lirudi kwenye jumla yenu.

Nne, mgao ukifika, usiangalie fungu lako tu. Angalia na jumla iliyogawanywa.

Karani anaweza kuwa mwaminifu, na mnunuzi anaweza kuwa mtu mwema. Lakini hesabu yako mwenyewe ndiyo mlinzi wako.

MASWALI

1. Kigawo ni nini? Taja vigawo vitano vya 5,040.

2. Nusu ya 5,040 ni 2,520. Je, 2,520 nayo inagawanyika kwa kila namba tangu 1 mpaka 10? Jaribu moja moja.

3. Tafuta mbegu za namba 84. Zote zimo katika ghala la 5,040? Basi 84 ni kigawo chake au sicho?

4. Bila kugawanya, sema kama 7,218 inagawanyika kwa 9.

5. Kikundi kina kilo 5,040. Mnunuzi amejaza magunia 48. Kila gunia lina kilo ngapi? Kama mlipatana gunia la kilo 90, mmepoteza magunia mangapi?

6. Zungumzeni darasani: Katika kijiji chenu, mazao huuzwa kwa kilo, kwa debe au kwa gunia? Nani hupima? Nani huandika? Nani huhakikisha?

MAJIBU

2. Ndiyo. Nayo ndiyo namba ndogo kuliko zote, kando ya sifuri, yenye tabia hiyo.

3. Mbegu za 84 ni 2, 2, 3 na 7. Zote zimo. Basi 84 ni kigawo cha 5,040.

4. Inagawanyika, kwa sababu 7 + 2 + 1 + 8 = 18, na 18 hugawanyika kwa 9.

5. Kila gunia lina kilo 105. Mmepoteza magunia 8.

Swali la 1 utapata majibu yake katika orodha. Swali la 6 jibu lake mnalo ninyi wenyewe.